Siku Kiashiria Changu Kilipotangaza Msiba

Naona aibu kusimulia hili, na kama ningekuwa bado nazurura mikoani nisingelitaja kabisa, lakini hapa mlimani kila mtu analijua, hata watu wa Nduruma kule chini wamelisikia, kwa hiyo bora mlipate kutoka kwangu.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Mbeya, Mwanza, Tunduma, na kote huko nilikuwa nikipakumbuka nyumbani, na nikirudi nyumbani naikumbuka barabara (mke aliyewahi kunivumilia aliniambia hivyo, sikumpinga). Safari hiyo nilikuwa nimerudi kwa Shangazi Eliakunda aliyenilea, sasa kifua kinamsumbua, na kila asubuhi akinipa kahawa ananiuliza swali lilelile: "Baba, hili shamba utakaa nalo, au niwape wengine?" Nami namjibu, "Tutaongea, Shangazi."

Nilimkwepa kwa sababu nilikuwa na ndoto kwenye kompyuta. Nilipopanga chumba Kaloleni, kule mjini, nilijifunza, kwa video za bure, kuandika kiashiria, yaani programu ndogo inayotazama mchoro wa bei za hisa, ule wenye vijiti wanavyoviita mishumaa, ya kijani bei ikipanda na myekundu ikishuka, na ikiona mshumaa wa kijani umeumeza mwekundu uliotangulia, inakupa ishara ununue. Kikifanya kazi, nilijiambia, nitaweka kompyuta begani niishi popote. Na ili huko popote nisipasahau nyumbani, badala ya mlio wa kawaida nikaweka kengele ya kanisa letu niliyoirekodi mwenyewe, pigo moja refu linalofifia taratibu kama ukungu unaopita migombani.

Sasa, hapa kwetu kengele ikigongwa siku ya kazi, pigo moja moja, maana yake ni msiba, na watu wanaacha majembe.

Jumanne moja ndugu yangu Elifuraha, mzee wa kanisa, alikuwa ameniletea spika ya kanisa, ile yenye mdomo kama tarumbeta, niitengeneze. Nikaitengeneza, nikaiunganisha na kompyuta pale barazani, nikapiga wimbo mmoja, ikaitika vizuri, halafu badala ya kuchomoa waya nikasema acha nipande juu kidogo nitazame mlima. Kahawa ilikuwa imechanua, nyeupe na harufu yake kama ya ndoto ya mtu mwingine, nikakaa juu ya jiwe nikiwaza heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa maziwa ya Momela, na miji ambayo sijalala bado, na nikasahau kabisa kwamba saa kumi na nusu jioni soko la hisa la Marekani linafunguka na kiashiria changu kinaanza kazi.

Kengele ikalia. Ikafifia. Ikalia tena. Mwanzoni niliisikiliza kwa utamu, kama mtu anayeitwa kutoka utotoni, hadi nilipokumbuka kwamba ni Jumanne. Shangazi.

Nilishuka mbio, kandambili moja ikabaki njiani, nikafika uani nikakuta wanawake wamejifunga kanga na wanaume wamevua kofia, maana wote walijua kifua cha Shangazi, nikajitupa chini mbele yao wote. "Shangazi, nisamehe, ningekaa, shamba ningelilima mimi, mbona hukunisubiri?"

Kutoka mlango wa jikoni ikaja sauti. Shangazi alisimama pale, kisu mkono mmoja, ndizi mbichi mkono wa pili.

"Nani amekufa?"

"Wewe, Shangazi," alisema Elifuraha kabla hajajizuia.

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

Kengele ikalia tena, safari hii nyuma yangu kabisa, na watu wote wakageukia baraza langu. Kwenye kioo cha kompyuta mshumaa wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka. Nilikuwa nimesahau kuandika mstari mmoja, ule wa kuiambia programu isubiri mpaka mshumaa ufunge, yaani dakika zake ziishe, kwa hiyo kila bei ilipotikisika iliona ishara mpya ikagonga. Nikaenda nikachomoa waya.

"Kwa hiyo mimi nimebeba kuni zote hizi kuja kulilia hisa?" aliuliza jirani yetu Mama Anael, na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Shangazi hakucheka. "Yale uliyosema hapo chini," aliniambia, "uliyasema kwa ajili ya maiti au kwa ajili yangu?"

Kicheko kikaisha. Nilitazama mguu wangu usio na kandambili.

"Kwa ajili yako, Shangazi."

"Basi wamesikia wote." Akawageukia wageni. "Kaeni. Kuni mmeleta, na ndizi zipo."

Ule mstari niliuongeza kesho yake, na mlio nikautoa, siku hizi ni mshale mdogo tu usio na sauti, ninaoukuta nikitoka shambani na matope miguuni, mara nyingi nimechelewa. Nimeapa sitarekodi tena kitu cha nyumbani ili nikakisikilizie mbali. Zipo jioni bado naiwaza Tunduma, lakini nitawaagaje watu walioniona nikilia vile, kwenye vumbi, kwa mtu aliyekuwa anamenya ndizi?