Batoto Bananiokoa Mbele ya Mama Mukwe

Bahari iko mbali na Lubumbashi, njo maana nafundisha batoto kuteleza na ubao ndani ya piscine, bwawa ya kuogelea, kule Makomeno. Kila mara, mimi Maître wabo, nabaambia: "Muntu akikawia chini ya maji, mumuvute bote pamoja!"

Juzi nasimama ku ubao, na kaptula fupi tu, mama mukwe anaingia kutafuta mutoto wangu, ule anajifunza na benzake. Kwetu, muntu haonyeshe mama mukwe hata magoti. Nikajitupa ndani ya maji, nikajificha chini, nikangoja apite.

"Maître anazama!" Batoto bakanirukia. Napigana nabo nibakie chini, lakini banazidi kuvuta, mpaka bakanilaza ku miguu ya mama mukwe.

Mama akajifunika uso na kitenge mbio-mbio. Mutoto wangu akavuta kile kitenge cha nyanya yake: "Kambo, angalia! Ni baba yangu! Tulimuokoa!"