Jaribio la Mashine Kuukuu

Pale ofisini walimwita King'ang'anizi, na hakuna aliyekosea. Kazi yake ilikuwa kuandika majaribio ya kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoiendesha kompyuta. Kila toleo jipya lilipita kwanza mikononi mwake.

Jumatatu hiyo jaribio lake liligoma kwenye mashine kuukuu iliyokaa chini ya dirisha. Maktaba ya mfumo iliyokuwemo, yaani ule mkusanyiko wa vipande ambavyo programu nyingine huazima, ilikuwa ya miaka kumi iliyopita. Haikujua hata jina la amri mpya iliyokuwa ikijaribiwa.

"Ifute tu mashine hiyo kwenye majaribio," mkuu wa kitengo akasema, kikombe mkononi. "Nani bado anatumia takataka hiyo?"

"Dada yangu. Zahanati yao nzima. Ndizo kompyuta walizo nazo, bosi, na toleo letu litawafikia watake wasitake."

"Nakupa mpaka saa sita. Likigoma, nafuta mwenyewe."

Mtu anachoka kuambiwa afute! Kila mwaka wimbo ni huohuo, tena kutoka kwa watu ambao kompyuta zao hubadilishwa kabla hazijashika vumbi. King'ang'anizi alivuta kiti, akaandika mistari saba: kama maktaba hailijui jina hilo, jaribio lisiiombe msaada, likipelekee kiini amri moja kwa moja, kwa namba yake badala ya jina. Saa tano na nusu akaliendesha. Likaenda vizuri, kisha likaanguka.

"Si nilisema?" Mkuu alikuwa ameshasimama nyuma yake.

King'ang'anizi alihamia kwenye mashine mpya, ambako jaribio lilikuwa limepita asubuhi, akalilazimisha liiruke maktaba huko nako. Likaanguka vilevile. Kumbe kosa halikuwa la uzee: kiini chao kipya kilikuwa kikitoa jibu bovu, na maktaba mpya ilikuwa ikiuliza tena kimyakimya mpaka ipate zuri, ikikifichia aibu.

Mkuu akakuna kidevu. "Basi tusimamishe toleo. Mistari yako ibaki, kwa sasa."

"Kwa sasa?" King'ang'anizi akasimama. "Itabaki, bosi, nukta. Siku ukitaka kuwafuta watu wa zahanati, nenda ukawaambie mwenyewe. Anwani ninayo."

Mkuu alirudi ofisini kwake bila kuiomba.