Hereni za Mbrazili

Ijumaa moja majlisini, chumba chetu cha wageni hapa Ibra, huku kwa Waarabu, tulikuwa watu watano: shangazi yangu, dada yangu aliyeolewa Sur, mdogo wetu wa mwisho, mimi, na mgeni wa Kibrazili. Shemeji alimshusha dada mlangoni pamoja na samaki, akaenda zake Nizwa, kwa hivyo simhesabu.

Mgeni alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika klabu moja hapa mjini. Mdogo wangu alikuwa akitoka skuli anakwenda kumchungulia, mpaka siku moja yule bwana akamwita, akamshika mabega, akamning'iniza kwenye chuma, kisha akamwambia alete ruhusa ya nyumbani ili afunzwe.

Ruhusa nyumbani kwetu si yangu. Mimi ndiye mkubwa, na baba na mama walipokwisha kufariki niliacha skuli nikaingia karakana ya madirisha ya alumini, na chakula cha nyumba kinatoka huko. Lakini mama alituusia kwamba hawa wadogo wasifanyiwe jambo ila shangazi amelikubali. Na shangazi alikwisha kataa.

Alikataa kwa sababu ya neno. Chombo cha mchezo wa yule Mbrazili, Waarabu wanakiita halaq, na halaq hilohilo ndilo wanaloita hereni za wanawake. Mdogo wangu kazaliwa hapahapa, Kiswahili chake ni cha kuokota. Alipotafuta neno la kumpa shangazi akaliokota lililo karibu: akamwambia kwamba Mbrazili alikuwa bingwa wa hereni kwao, na sasa anataka kumfundisha na yeye hereni.

Shangazi kakulia Unguja, na kila neno analipa haki yake. Aliuliza swali moja tu: "Moja au mbili?"

Mtoto akajibu, "Mbili, shangazi. Moja haiwezekani."

Basi hapo mlango ukafungwa. Nilijaribu kueleza, nikaambiwa kwamba mtoto wa kiume aliyeachwa na wazazi ni amana, na amana haitobolewi masikio. Kwa wiki nzima yule mtoto hakula vizuri. Nikaona dawa ni shangazi aone kwa macho. Nikamwalika mgeni chakula cha mchana Ijumaa, nikamwomba aje na vyombo vyake.

Alikuja na kitu kimefungwa kwenye taulo. Kiarabu chake kilikuwa cha kufundishia tu, amri tupu. Shangazi alipomkaribisha, mgeni ndiye aliyemwambia "Kaa!", na dada alipompakulia samaki akasema "Tena!" Dada alilazimika kutoka nje kucheka. Shangazi hakucheka, lakini alimwongeza samaki.

Tulipokwisha kula akafungua taulo: pete mbili kubwa za mbao, zimeng'aa kwa mikono, na mikanda yake. Shangazi akaishika moja, akaigeuza, akampima nayo mdogo wangu kichwani.

"Hizi ndizo hereni? Labda umvishe tembo."

"Ndizo hizo, shangazi."

"Hizi ni pete, mwanangu. Pete. Lo, ulimi wako utakuja kutuuza."

Nilidhani yameisha. Lakini shangazi hamwachii mtu mtoto bila kujua katoka wapi, akamtaka mgeni aeleze maisha yake. Akaeleza, nusu kwa Kiarabu na nusu kwa Kiingereza, na mdogo wangu akatafsiri. Kwao ni mji mdogo, mbali na bahari. Mazoezi aliyaanza katika ghala lililokuwa la tumbaku, juu ya magodoro ya kuokota. Akiwa bado mtoto wakaja watu wa timu ya taifa wakamchukua, akahamia mji mkuu wa mkoa, akaacha skuli, kwa sababu asubuhi ni mazoezi na jioni ni mazoezi. Alishindana nchi nyingi. Mara nyingi alikuwa mtu wa akiba, anayekaa na nguo za timu akingoja mwenzake aumie, na kuomba asiumie. Ilipofika zamu yake mwenyewe, katika kuchaguliwa kwa michezo mikubwa, bega la kulia likachanika juu ya pete. Madaktari walilishona, wakamkataza kurudia lile pozi lililolichana. Akiwa bado kijana akajikuta anajua kusimama kwa mikono, na hajui kazi nyingine.

Shangazi akauliza ni pozi gani hilo. Mdogo wangu akababaika, safari hii kwa kuwa alilijua neno. Mgeni akamsaidia. "Salib," akasema.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Kwanza hereni, sasa msalaba. Shangazi akaanza kukusanya vikombe vya kahawa ambavyo bado vilikuwa safi, yaani mgeni aage.

Mgeni alimtazama usoni, kisha akamtazama mtoto. Akavua saa, akachukua pete zake, akatoka uani. Tukamfuata. Akazifunga kwenye boriti la chuma la banda la gari, akapanda, akajinyoosha, na polepole akashuka huku amefungua mikono pande mbili, mpaka ikawa sawasawa na mabega. Akatulia hewani. Mikanda ilikuwa ikitetemeka, yeye hatetemeki. Shangazi akavuta mtandio wake, akasema, "Hiyo ni mizani. Msiipe tena jina jingine. Mwambieni ashuke."

Tulirudi ndani kunywa kahawa. Dada akamimina, mgeni akapokea kwa mkono wa kushoto. Nikaona shangazi anakunja uso, maana kwetu hata mtoto mdogo anajua mkono wa kupokelea. Akafungua kinywa amkosoe, halafu akakifunga. Mkono wa kulia wa mgeni ulikuwa umelala pajani, na alipojaribu kuunyanyua haukupanda. Uso wake ulikuwa umeloa jasho.

Shangazi akainuka, akamshikia kikombe mpaka akanywa. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Mtu kachana bega lake kwa mtoto wa watu. Mimi nitamnyima nini? Muulize tunamlipa nini."

Nikamuuliza. Mgeni, aliyekwisha kuhadithiwa na mtoto habari zangu, akaniuliza na yeye mimi niliacha skuli lini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikielewa: kijana afunzwe, lakini skuli amalize. Asiwe kama yeye, wala kama mimi. Hilo ndilo analotaka.

Mkataba wake uliisha, akarudi kwao. Bega lilimsumbua mpaka siku ya kuondoka. Mdogo wangu sasa anashindana mpaka Nizwa, na mizani yake watu husimama kuitazama. Mwezi uliopita alikuja karakanani, akasimama mbele ya msumeno wangu, akaniambia kuna mwalimu Maskati anayemtaka asubuhi na jioni, na skuli inamchelewesha.

"Kaka, wewe uliacha, na tumeishi."

Nikamwambia ndiyo, tumeishi, na kesho saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni na gari kumpeleka skuli. Hanisemeshi tangu siku ile. Namwamsha, namfikisha, narudi kazini. Mgeni wetu akituma salamu huuliza neno moja tu la Kiarabu, madrasa, yaani skuli, na mimi humjibu kwamba bado tunamlipa.