Kumchagulia Baba Chemchemi

Baba alipohamia kwangu Sekei, macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mwanga na giza tu. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole, naye akaificha mpaka siku alipomwaga maziwa mezani akidhani anajaza kikombe. Mimi nilikuwa mjane, watoto wako bweni, na nyumba ina nafasi. Ndugu zangu wakakubaliana kwenye simu, na wiki ileile baba akashuka kutoka mlimani na begi lake na fimbo.

Nilikuwa nashona sare za shule barazani. Nilidhani atakaa karibu na cherehani, tutapiga soga. Baba hakukaa. Alinyanyuka, akapapasa ukuta hadi getini, akatikisa komeo, akarudi, akakaa, akanyanyuka tena. Nami nikawa hivyohivyo. Nashona kidogo, nanyanyuka kuchungulia, narudi, nasahau nilipoishia. Siku moja nilishtuka nimeshona mkono wa shati nje ndani.

"Baba, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Hapa pamenyamaza mno, mama. Sijui nimeelekea wapi."

Nilimwambia atazoea. Hakuzoea. Mchana mmoja mtu alitoka akaacha geti wazi, na nilipoinua kichwa kiti cha baba kilikuwa kitupu. Nilikimbia barabarani bila viatu. Nilimkuta mbali kidogo, kwenye kibanda cha kuoshea magari, amesimama kando ya mpira wa maji, viatu vimelowa, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu aje. Vijana wa pale walikuwa wamemwekea kiti lakini alikataa kukaa.

"Nilisikia mfereji," akaniambia.

Nyumbani kwetu mlimani mfereji unapita nyuma ya jiko. Baba aliishi nao maisha yake yote. Ukiwa kulia kwake, anaelekea zizini. Ukiwa mgongoni, anaelekea njiani. Macho yalipoanza kufifia aliendelea kutembea bila mtu kugundua, kwa sababu maji yalikuwa yanamwonyesha njia. Mimi nilikuwa nimemtoa kwenye maji hayo nikamleta kwenye kuta.

Bustanini kwangu kulikuwa na bwawa dogo ambalo marehemu mume wangu alilijenga kwa ajili ya samaki. Lilikuwa limekauka, limejaa majani ya parachichi. Nikaamua kulifufua na kuliwekea chemchemi ya kurusha maji. Mdogo wangu aliposikia, akanipigia.

"Dada, baba haoni, na wewe unamwekea maji uani?"

"Kina chake hakifiki gotini. Na nitainua ukingo mpaka uwe kama benchi."

"Akianguka je?"

Nilikata simu nikatembea kuzunguka bwawa mpaka miguu ikauma. Kesho yake nikamwita fundi wa kuinua ukingo.

Kuchagua chemchemi tulikwenda Tengeru, kwenye kitalu cha maua kando ya barabara, baba na mimi. Muuzaji alitusalimia vizuri, akamwamkia baba shikamoo, kisha akaanza kutuwashia moja baada ya nyingine. Kulikuwa na samaki anayetema maji, mtoto mwenye mtungi, na mabakuli matatu yaliyopandana kama keki. Baba alisimama mbele ya yule mtoto, akainamisha kichwa.

"Huyu anakojoa," akasema.

Muuzaji alicheka, mimi nikaona aibu. Kwenye mabakuli baba alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mwingine. Nilimuuliza kama anaipenda.

"Wewe ndiye unayeona. Chagua."

Nikachagua mabakuli. Yalikuwa mazuri kweli, maji yakipanda juu na kushuka ngazi kwa ngazi, na nadhani nilitaka pia wageni wakiingia waseme kitu.

Fundi aliyeinua ukingo ndiye aliyeyafunga. Alizamisha pampu, akapitisha waya ndani ya bomba hadi ukutani, akaweka swichi barazani. Maji yaliporuka nilipiga makofi peke yangu. Upepo wa mlimani ukayachukua, ukayamwaga kwenye nguo nilizoanika.

Nilitegemea baba atulie. Badala yake aliacha kabisa kutoka. Alisogeza kiti mpaka mgongo ukagusa ukuta, akakaa fimbo imelala mapajani kama mlinzi. Siku moja nilimletea chai nikamgusa bega, akageuka na fimbo juu. Chai ikamwagika miguuni kwangu.

"Ni mimi, baba."

Akashusha fimbo. "Sikukusikia ukija. Maji haya yanafunika kila kitu. Sijui nani yuko nyuma yangu."

Kumbe muda wote ule nilikuwa nimemziba na masikio pia. Nilizima swichi palepale. Tukakaa, na kwa mara ya kwanza nilisikia alichokuwa anasikia yeye: kuku wa jirani, nyundo mahali fulani, kandambili za mtu barabarani.

Fundi alirudi akabomoa mabakuli. Tulitafuta jiwe jeusi la mlimani, lenye matundu matundu, fundi akalitoboa katikati na kulilaza juu ya pampu. Baba akakaa ukingoni, mkono ndani ya maji.

"Mzee, iko hivi. Nipunguze?"

"Punguza."

"Hapa?"

"Bado. Inaongea sana."

Fundi akazungusha tena kitufe cha pampu. Maji yakaacha kuruka, yakawa yanachemka tu juu ya jiwe na kuteleza pembeni.

"Acha hapo," baba akasema. Akasimama, akayapa maji mgongo, akatembea hadi barazani, akagusa kiti chake, akarudi. Ukingo ulimgonga miguu, akashika kwa mkono, akakaa. Mdogo wangu alipokuja kututembelea alimtazama baba akifanya safari ile mara kadhaa, kisha akaenda kuketi naye ukingoni.

Mimi ndiye ambaye sikutulia. Mpaka leo nikishona, sikio moja liko bwawani. Maji yakibadilika kidogo tu, nimeshanyanyuka. Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana, maji yakanyamaza, nikatoka mbio. Baba alikuwa katikati ya bustani, fimbo imesimama wima.

"Usinishike," akasema. "Kaa hapo ulipo, uongee."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Nikamweleza sare niliyokuwa nashona, kola yake, vifungo vyake, naye akaja taratibu kuelekea kwenye sauti yangu.