Miguu ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikuja kukaa kwangu Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya kuugua akili na kupoteza kazi katika kiwanda kimoja cha Athi River. Wazazi wetu walikuwa Kakamega, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, nikifundisha nasari ya kanisa. Alipoanza kudungwa sindano ya kila mwezi katika kliniki moja huko Kajiado, sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza. Hilo siwezi kulikana. Lakini hakutulia.

Alitembea. Alizunguka ploti mpaka majirani wakaacha kuanika nguo upande wetu. Akiketi kula, magoti yaligonga meza, chai ikamwagika, naye akainuka na sahani mkononi. Kanisani alisimama mlangoni akibadilisha mguu huu na ule, watoto wakidhani anacheza. Wasiwasi wake ukaniingia na mimi. Katikati ya kufundisha irabu nilijikuta dirishani, nikitazama kama amevuka barabara ya Namanga.

Tukifika kliniki, muuguzi, ambaye sote tulimwita daktari, aliniuliza mimi, "Ametulia?"

"Bado, daktari."

Basi akaongeza dawa.

Wakati fulani wenye kliniki walitaka kujua kama huduma ile inawafaa watu kweli. Waliliomba kanisa litoe watu wa kuzungumza na familia, kwa kuwa ni vigumu kumlalamikia anayekudunga sindano. Nikachaguliwa, kwa sababu nami nilikuwa na mgonjwa. Jioni nilitoka nyumba hadi nyumba, udongo mweusi ukininasa viatu. Kote niliambiwa huduma ni nzuri. Mama mmoja Mkamba, aliyekuwa na binti mgonjwa, alinishika mkono.

"Mwalimu, sema ni nzuri. Wasije wakatufungia."

Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akikohoa, lakini sikumsikia akisema neno. Niliondoka pale nikiwa na kitu kinanikwaruza moyoni, nisijue ni nini.

Nyumbani kaka alikuwa akiningoja langoni.

"Umetoka kuuliza watu?"

"Ndiyo."

"Na mimi je? Si mimi pia niko na ugonjwa?"

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Aliingia ndani akavaa koti lake la kutafutia kazi, akaketi kwenye stuli, na mara hiyo hiyo akasimama.

"Niulize tukitembea."

Tukatoka, tukashika njia ya mbugani kule kondoo wa jirani yetu Mmaasai walikokuwa wakirudi zizini. Yeye mbele, mimi nikimkimbilia nyuma.

"Sindano inakusaidia?"

"Sauti imenyamaza. Lakini miguu zangu, dada! Nikishadungwa, kesho yake nasikia kama siafu ndani ya mifupa. Nikitembea inapoa kidogo. Mwezi ukikaribia kuisha nasikia nafuu, halafu tunarudi Kajiado."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Anakuuliza wewe. Wewe unasema sijatulia, yeye anaongeza."

Nilisimama pale pale njiani. Alikwenda mbele kidogo, akageuka, akarudi kunichukua.

Mkutano wa kutoa maoni ulifanyika Kajiado, katika ukumbi uliokuwa karibu na soko la mifugo, ng'ombe wakilia hata wasemaji wakalazimika kupaza sauti. Nilitaka kumsemea kaka. Akakataa. Watu waliinuka mmoja mmoja wakasifu, wakapigiwa makofi. Yeye alikuwa akitembea kando ya ukuta, huku na huko, na watu wakijifanya hawamwoni.

"Mimi nataka kusema," akatamka, "lakini msiniambie nikae."

Akaeleza habari ya siafu. Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi aliondoka kwenye meza ya wageni, akamfuata ukutani, akawa anatembea naye sambamba.

"Inaanza lini hiyo?"

"Kesho yake baada ya sindano."

"Kuna vidonge vya kuzuia hayo. Viliisha, na havikuletwa vingine. Nami nikadhani ni ugonjwa wenyewe." Akamgeukia. "Pole, ndugu yangu."

Ndipo yule binti wa mama Mkamba akasimama. Mamake alimvuta nguo, lakini binti hakukubali kukaa.

"Hata mimi," alisema.

Dawa ya kaka ilipunguzwa, na vidonge vikapatikana. Hakupona siku hiyo. Msimu mmoja sauti zilirudi, ikabidi sindano iongezwe kidogo, safari hii kwa kuelewana naye. Mara nyingine kliniki ilikosa dawa kabisa tukaenda kuzitafuta Nairobi. Mtu akiniuliza leo kama huduma ile ilikuwa nzuri au mbaya, nashindwa kumjibu kwa neno moja. Ninachojua ni kwamba jioni moja alikula ugali na sukuma wiki akiwa ameketi mpaka akamaliza, nami changu kikapoa nikimtazama.

Kitengela ilipoanza kujaa majumba alipata kazi ya kufyatua matofali ya sementi. Baadaye alihamia Rongai, akapanga chumba chake. Jumapili hunipigia simu, akanieleza bei ya mchanga imepanda. Asipopiga, siwezi kukaa. Nafunga mlango namfuata huko huko. Hadi sasa nimemkuta mzima kila mara, akinikasirikia kwa kuja bila kusema.