Aliyoyasikia Akiwa Kwenye Nusukaputi

Nilipoanza kazi ya udresa, katikati ya miaka ya hamsini, niliajiriwa kuosha vidonda na kufunga bandeji. Ilikuwa hospitali ya misheni, juu kwenye vilima kati ya Mbeya na Iringa. Baadaye dresa aliyekuwa akishika kazi ya nusukaputi aliugua kifua akarudishwa kwao Tukuyu. Daktari akaniambia ninyooshe mikono mbele yake. Akaitazama, akasema, "Haitetemeki." Nikahamia chumba cha upasuaji.

Mashine hatukuwa nayo. Tulikuwa na kikapu kidogo cha waya kilichofunikwa shashi, ambacho kilikaa juu ya pua na mdomo wa mgonjwa. Kwa mkono wa kulia nilidondosha etha, dawa ya usingizi, juu ya shashi, tone baada ya tone. Kwa mkono wa kushoto niliinua taya ili ulimi usirudi nyuma ukaziba koo, na kidole kimoja cha mkono huohuo nilikiweka mbele ya sikio, pale ambapo mshipa unadunda. Macho yalikuwa na kazi yake: kifua, midomo, kucha. Daktari aliuliza tu, "Vipi?" Nami nikajibu, "Anapumua," au, "Mshipa unafifia," na kutokana na jibu hilo aliharakisha au alingoja.

Etha ni nzito, inashuka chini, na anayekaa kwenye kigoda kichwani pa mgonjwa anaivuta na yeye. Nilirudi nyumbani kichwa kinagonga. Mke wangu alinitaka nivue shati nje ya mlango, hata mwezi wa sita, baridi ya kwetu inapoingia mpaka kwenye mifupa. Alisema nanuka kifo. Nilimwambia kwamba wengi wanaamka, na ilikuwa kweli, lakini shati niliendelea kulivua nje.

Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa wakati wa mvua, juu ya lori la mchele lililotoka Chimala. Uchungu ulimshika kijijini kwao Usangu, wakunga wakahangaika naye mpaka wakashindwa, kisha njiani lori likakwama kwenye tope. Alipofika kwetu mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka, umevimba na kubadilika rangi. Daktari aliweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu, akaiondoa, akaagiza meza itayarishwe. Mume wake, kijana mwenye koti lililolowa, alisimama ukutani. Mama mkwe ndiye aliyejibu maswali yote. Alisema ni mimba ya pili, ya kwanza ilitoka.

Nilipomweka kichwa sawa juu ya meza nilimsemesha kwa Kihehe, naye akanijibu kwa Kisangu. Tulielewana.

"Kaka, nitaamka?"

"Utaamka, dada."

"Na mtoto?"

"Vuta pumzi, ndefu."

Alinitazama juu ya ule waya. "Hujajibu," alisema, na etha ikamchukua.

Ilikuwa mchana, meza imesogezwa dirishani, maana taa ya moto haikuruhusiwa karibu na etha. Daktari alipofungua tumbo, damu ilijaa mpaka ikamwagika sakafuni. Mfuko wa uzazi ulikuwa umekwisha kupasuka. Kidole changu kilihisi mshipa ukiwa mwembamba kama uzi, kisha ukaruka, ukapotea, ukarudi.

"Mshipa unafifia, daktari. Midomo imepauka."

"Punguza etha. Toa kabisa."

Nilinyanyua kikapu nikamwachia hewa. Sista aliyemsaidia daktari alikuwa akisukuma maji ya chumvi kwenye mshipa wa mguu. Baada ya muda kope za mgonjwa zilianza kucheza, na chozi moja likatoka, likatelemka kuelekea sikioni.

"Usingizi wake umekuwa mwepesi," nilisema.

"Akilala zaidi atakufa. Mwache hivyo."

Nikamwacha hivyo. Daktari na sista walitoka nchi mbili tofauti za Ulaya, na lugha pekee tuliyoelewana sote watatu ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo mle ndani kila jambo lilisemwa kwa Kiswahili. Sista alimpokea mtoto akasema ni wa kike, amekwisha kufa. Daktari akasema, "Mfuko umeharibika wote. Nautoa. Huyu hatazaa tena."

Mkono wa mwanamke ulikuwa umefungwa kwenye ubao kwa kitambaa. Niliona vidole vinajikunja, polepole.

"Daktari, anakunja vidole."

Aliinua macho. "Anasikia?"

"Sijui," nilisema. Na kweli sikujua. Watu wengi hujikunja na kuguna kwenye nusukaputi, wakiamka hawakumbuki chochote. Niliinamia sikio lake nikamwambia kwa Kihehe kwamba tunakaribia kumaliza, avumilie. Mshipa ukaendelea kudunda, mbaya, lakini ukadunda mpaka daktari akafunga uzi wa mwisho.

Hakufa. Homa ilimshika, ikamwachia, ikamrudia. Daktari aliwaambia mume na mama mkwe yote mawili: kwamba mtoto amekufa, na kwamba mwanamke hatabeba mimba tena. Mama mkwe akaufunga upya upande wa khanga yake, kisha akasema, "Hilo la pili asiambiwe, bwana daktari. Apone kwanza. Tutamwambia wenyewe nyumbani." Daktari akakubali, akatukataza wote tusilitaje.

Wakamwambia habari ya mtoto. Hakulia. Mama mkwe alishangaa, akawaambia wanawake wa vitanda vya jirani kwamba msichana huyu ana moyo mgumu.

Asubuhi moja nilikwenda kumbadilishia bandeji. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya wodi, akipika uji. Mgonjwa aliningoja niiname.

"Kaka, wewe ndiye uliyekaa kichwani pangu."

"Ndiye mimi."

"Sauti yako naijua. Ulisema, anakunja vidole."

Nilibaki na shashi mkononi.

"Na yule mzungu akasema, huyu hatazaa tena."

Nikamwuliza kama alisikia na maumivu.

"Niliyasikia. Kama moto unaowaka kwa jirani, joto lake linakufikia. Hayo yamepita." Alishika ncha ya koti langu. "Nataka uniambie wewe. Mama ananiambia mwakani nitabeba mwingine, anayasema hayo huku ametazama ukuta. Mume wangu anatazama miguu yake. Wewe nitazame useme."

Nilimtazama. "Ni kweli, dada. Mfuko umetolewa. Bila hivyo ungekufa."

Hapo ndipo alipolia. Kilio kilivuta kidonda, akalishika tumbo kwa mikono yote miwili, nami nikaweka yangu juu ya yake ili nyuzi zisiachie, na tukakaa hivyo, yeye akilia, mimi nimeshika.

Mama mkwe aliingia na mwiko mkononi.

"Umemwambia nini?"

"Alikuwa anajua, mama."

"Nani alimwambia?"

"Alisikia. Siku ile, mezani."

"Mtu aliyepasuliwa tumbo asikie? Unanifanya mtoto?" Aligeuka akaenda moja kwa moja kumtafuta daktari, na nikaitwa kabla sijamaliza kufunga bandeji.

Daktari alikuwa amesimama kibarazani. "Nilikataza," alisema.

"Alisikia mwenyewe, daktari. Amenirudishia maneno yako."

"Maneno gani?"

Nikayasema kama alivyoyasema. Daktari alivua miwani, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya watu waliokuwa wakingoja dawa. Kisha akainuka akaenda wodini. Waliongea nini sijui. Alitoka akapita karibu nami bila kunitazama, akaenda nyumbani kwake, na siku hiyo hakurudi kazini. Kuanzia hapo, katika chumba chetu cha upasuaji hakuna aliyesema habari za mgonjwa akiwa mezani. Kulikuwa na "vipi" na "anapumua", basi.

Mama mkwe hakunisalimia tena. Mume, siku waliyoondoka, alinipa mkono, akaukaza. Lori lilipokuja walimpandisha mwanamke mbele, karibu na dereva, wao wakakaa juu ya magunia.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kiangazi cha mwaka uliofuata. Nilikuwa nasafiri kwenda Iringa, na gari letu likasimama Nyololo kupoza injini. Alikuwa amekaa kando ya barabara na viazi vyake kwenye ungo. Yeye ndiye aliyenitambua, kwa sauti tena, nilipouliza bei.

Aliniambia anaishi hapo kwa mama yake mdogo. Mume alioa mwingine.

"Walikufukuza?" nilimwuliza.

"Hapana. Walikuwa wananipa chakula, wananisalimia. Lakini mambo ya nyumba walikuwa wakiyazungumza mbele yangu kama sipo. Nikaona niondoke."

Dereva alikuwa anamimina maji kwenye rejeta, mvuke unatoka. Yule mwanamke alipanga viazi, akavipanga tena.

"Yule sista alisema ni wa kike," alisema.

"Ndiyo. Wa kike."

"Mlimzika wapi?"

"Nyuma ya kanisa, kwenye miti. Mimi na mlinzi ndio tuliochimba. Alikuwa amekwisha kufungwa kwenye shuka."

"Alikuwa anafanana na nani?"

Ningeweza kusema amefanana naye, na asingejua. Lakini huyu alikuwa ameniomba mara moja nimtazame nimwambie ukweli.

"Sikumwona, dada. Walimpitisha nyuma yangu. Wakati ule nilikuwa nakutazama wewe."

Aliitikia kwa kichwa. Dereva akapiga honi. Alinifungia viazi kwenye kipande cha gunia, nikapanda, gari likaondoka.