Upande wa Wanawake

Juzi, sokoni mjini Baraka, nilimwona mama mmoja amefunga kitenge shingoni kama mtoto mdogo, na hasira ya zamani ikanipanda.

Shangazi yangu alifunga hivyo. Alirudi kutoka hospitali bila matiti yote mawili, na kitenge kikawa hakishiki tena kifuani. Leo najua yalikatwa ili aishi. Wakati ule nilidhani daktari ameyaweka yapone kwanza, halafu atamrudishia.

Mchana mmoja tulishuka ziwani kuoga. Ndagala, vile visamaki vidogo, zilizoanikwa mchangani zilinuka mpaka majini. Shangazi alipovua kitenge, vicheko vya wanawake vikakatika. Mke wa jirani yetu akasema, “Huku ni kwa bamama. We enda oga kule kwa banaume.”

Nilimvuta shangazi mkono, nikidhani kweli tumekosea upande. Yule mwanamke sijamsamehe mpaka leo.

Shangazi hakusogea. Alijimwagia maji taratibu, kisha akamgeukia.

“Wakati ulikuwa mugonjwa, mutoto wako alinyonya kwa nani?”

Mtoto mwenyewe alikuwa pale pale kati yetu, mnene, akichezea sabuni ya shangazi.